Kidole Kwenye Tundu la Kibuyu

Mjukuu wangu Oliva alimaliza kidato cha nne mwaka wa tisini na tatu, akarudi kwangu Makote na sanduku la bati, madaftari kumi na moja, na cheti chenye alama nzuri moja tu, ya fizikia. Nafasi ya kuendelea na masomo hakupata. Mwaka mzima alikaa nami akibangua korosho na kufuata maji, na sikumsikia akilalamika. Ila jioni, kabla jua halijazama, alikuwa anafungua daftari moja, lile lile kila siku, na kulisoma kama mtu anayesoma barua ya ndugu aliye mbali.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa. Wanunuzi binafsi wa korosho walipanda na malori yao hadi huku kwetu, na mtu aliyeuza vizuri alionekana akirudi kutoka Masasi na redio kaseti begani, kubwa kama kreti ya soda. Redio hizo ziliharibika upesi. Vumbi letu jekundu halina huruma na vitu vya namna hiyo. Ndiyo maana fundi Awadhi wa Masasi, mwenye kibanda karibu na stendi, alizungukwa na redio mbovu hadi mlangoni. Niliziona kwa macho yangu siku nilipokwenda kununua chumvi. Niliporudi nikamwambia Oliva, "Twende tukamwombe akufundishe kazi."

"Bibi, hachukui wasichana."

"Umemuuliza?"

"Watu wanasema."

"Watu hawana kibanda. Mwenye kibanda ni Awadhi."

Akacheka. "Haya, mke mwenzangu, tutakwenda."

Sisi huitana hivyo, kwa kuwa marehemu babu yake alikuwa anamwita mke wake mdogo.

Tuliondoka Jumatatu na gari la Newala la asubuhi, tukateremka Masasi kabla jua halijawa kali. Fundi Awadhi alikuwa ameinama juu ya meza, miwani imefungwa na uzi sikioni. Oliva akapiga goti, akamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba bila kuinua kichwa. Mimi naye tuliulizana habari za nyumbani, za mvua na za maji. Kisha nikamweleza nilichokuja nacho.

Kwenye baraza la kibanda kile kile alikaa fundi saa mmoja, Mohamedi, mtu wa miaka arobaini hivi, Myao, na kwetu Mmakonde na Myao hawakosi utani. Alikuwa anatusikiliza.

"Fundi Awadhi," akasema, "umeletewa mwanafunzi au umeletewa mchumba?"

"Wewe mtani wangu," nikamjibu, "angalia hiyo saa yako. Tangu nifike hapa inasema saa mbili."

Awadhi akatabasamu kidogo, lakini alipozungumza alizungumza taratibu, kama mtu asiyependa kumuumiza mwingine. "Bibi, sikukatai kwa ubaya. Nimeshachukua vijana watatu. Wote walijua kufungua, hakuna aliyejua kufikiri. Waliunguza vitu vya watu nikalipa mimi. Sasa nikimchukua binti, akakosea mara moja tu, mji mzima utasema ni kwa sababu ni binti. Mimi sitaweza kumtetea."

Oliva alikuwa anatazama chini. Akasema polepole, "Nipime, Baba."

Awadhi akavua miwani. Akamwonyesha amplifaya moja nyeusi juu ya rafu, ya msikiti wa pale jirani. Waya wa kipaza sauti ulikuwa umetafunwa na panya, akaeleza, na wakaunga waya wa kawaida. Nao unapita ubavuni mwa waya wa umeme hatua kama ishirini. Tangu hapo umeme wa mji ukiwashwa, spika inavuma. Waya ulio na kinga ya kuzuia mvumo unapatikana Dar es Salaam, na utachukua mwezi au miwili kufika.

"Mzee Fakihi ndiye anayeadhini," akasema. "Sauti yake imekuwa nyembamba kwa uzee. Mvumo unamfunika. Sasa wapo wanaosema apumzike, awekwe mwingine mwenye kifua. Mimi ndiye niliyefundishwa Kurani na mzee yule."

Akasukuma kopo la maziwa lililojaa vitu vidogo vya redio. "Chagua rezista moja na kapasita moja. Viwili tu, basi, nafasi ya kuongeza kingine hakuna. Njoo Alhamisi, uvifunge humo ndani. Mvumo ukipungua na sauti ikabaki, Jumatatu inayofuata unaanza kazi, na utalala kwangu na binti zangu. Usipopungua, Bibi, tusilaumiane."

Oliva akachagua muda mrefu. Akapindua vile vitu vidogo vyenye mistari ya rangi, akasoma, akarudisha, akachukua vingine. Mohamedi akauliza kama anachambua mchele. Mwisho akavifunga viwili kwenye pembe ya khanga yangu, nikapiga fundo.

*

Nyumbani akanifundisha, maana nilimwomba. Nilijifunza kusoma na kuandika nikiwa mtu mzima, chini ya bati la shule, na tangu hapo sipendi kitu kikae nyumbani mwangu nisijue kazi yake.

Umeme wa ukutani, alisema, hauendi upande mmoja kama maji ya mferejini. Huenda na kurudi, huenda na kurudi, mara hamsini kwa sekunde moja. Huo ndio mvumo. Sauti ya mtu nayo ikiingia kwenye waya huenda na kurudi, lakini kwa haraka zaidi, mara mia kadhaa, hata elfu. Rezista hupinga zote sawasawa. Kapasita ina ubaguzi: inayokwenda polepole huipinga sana, inayokwenda haraka huipinga kidogo.

"Mbona inabagua?" nikauliza.

"Kwa sababu inajaa, Bibi. Ukiisukumia upande mmoja kwa muda inajaa, haipokei tena. Ukigeuza haraka, haiwahi kujaa."

Nikafikiri. Kisha nikatoka nje, nikakiangua kibuyu cha kunawia mikono. Kwetu maji ni ya shida, nawe msomaji ukiwa wa Newala sina haja ya kukueleza. Kibuyu hicho nilikitoboa tundu dogo chini na kuliziba kwa kijiti. Mtu akitaka kunawa huchomoa kijiti, maji yanachirizika kama uzi, kisha huziba. Kikombe kimoja kinanawisha watu wanne.

Nikaleta ndoo iliyojaa nusu. Nikachomoa kijiti, nikakizamisha kibuyu wima hadi kiunoni, nikangoja. Maji yakaingia kwa tundu, ya ndani yakawa sawa na ya nje. Nikakiinua kidogo polepole, maji ya ndani yakashuka. Nikakishusha polepole, yakapanda.

"Sasa tazama," nikasema. Nikakitikisa juu chini upesi upesi, kama mtu anayepepeta. Maji ya ndani yakatulia tuli. Hayakupanda, hayakushuka.

Oliva akapiga magoti, akachungulia ndani ya mdomo wa kibuyu.

"Bibi! Tundu ndilo rezista. Tumbo ndilo kapasita."

"Basi unaona. Tumbo linameza kinachokwenda polepole. Cha haraka linakikataa."

Nilisema hivyo mimi, kwa mdomo wangu. Nakumbuka nilivyojisikia mwenye akili.

Akachukua kijiti, akachora mchangani pembetatu mraba. Alisema upinzani wa vitu hivi viwili haujumlishwi kama maembe, kumi na thelathini kuwa arobaini, kwa sababu havisukumi kwa wakati mmoja; kimoja hufika kileleni wakati mwenzake yuko sifuri. Kwa hiyo kimoja huchorwa kulala, kingine kusimama, na jumla yao ni ule mstari wa mshazari. Nilikuwa nasuka ukili wa mkeka. Nikamwambia asinipigie hesabu za kipeo, mimi nitapima. Rezista yake ilikuwa omu elfu kumi, omu ndicho kipimo cha upinzani. Tukalaza vidole kumi vya ukili, kidole kimoja kwa kila elfu. Kapasita kwa mvumo wa mara hamsini ilitoka karibu elfu thelathini na mbili. Tukasimamisha vidole thelathini na viwili. Nikavuta ukili kwenye mshazari, nikahesabu kwa kidole changu hiki. Thelathini na tatu na nusu. Oliva alikuwa amepiga hesabu kwenye daftari. Akageuza ukurasa nione: thelathini na tatu na nusu.

Tulicheka mpaka jirani Pili akaja kuuliza kuna nini.

Tukachora nyingine kwa ajili ya sauti ya mtu, ya mara mia tano. Rezista ile ile vidole kumi, kapasita sasa vidole vitatu na kidogo, mshazari kumi na nusu.

"Kwa hiyo kwenye mvumo, sehemu kubwa inabebwa na kapasita, tisa na nusu katika kumi," akasema. "Na kwenye sauti, kapasita inabeba tatu tu katika kumi. Rezista ndiyo inabeba zaidi."

"Basi kapasita iubebe mvumo iende nao," nikasema. "Imeze."

Akatazama daftari lake. Kulikuwa na michoro miwili pale, ubavu kwa ubavu, karibu sawa, rezista na kapasita zimebadilishana nafasi. Wakati ule darasani kwao kitabu kilikuwa kimoja kwa wanafunzi arobaini, na zamu yake ilipokwisha hakuwa amemaliza kuandika maneno ya chini. Aliweka kidole kwenye mmoja, akakihamishia mwingine, akarudi kwenye ule wa kwanza.

"Iunganishwe kushuka kwenye ardhi," akasema. "Iumeze, ikautupe."

Maji ya ndoo tukayamwagia miche ya mikorosho.

*

Alhamisi Oliva alitaka tukichukue na kibuyu. Alisema kitamtuliza moyo. Nikakiweka kwenye kikapu pamoja na karanga za Mama Mwanne, mke wa Awadhi, maana hatukutaka kufika mikono mitupu mara ya pili.

Mohamedi alipokiona hakukosa la kusema. "Wamakonde hamna dogo! Tumeomba fundi, mmeleta na tangi la maji!"

"Tumeleta la kunywa wewe," nikamwambia, "ili mdomo upate kazi."

Mzee Fakihi alikuwa ameketi ndani kwenye kigoda, kanzu imefuliwa mpaka imekuwa laini kama kitambaa cha mtoto. Aliponiona akasimama, mzee vile, akanipisha kigoda. Nikakataa. Akasisitiza. Tukaishia kukaa wote kwenye mkeka.

"Watoto wanasema wanasikia nyuki," akaninong'oneza. "Wananiuliza, Babu, leo nyuki wameadhini saa ngapi?" Akacheka, lakini mikono yake ilikuwa inakunjakunja pindo la kanzu.

Awadhi alikuwa ametandika waya mrefu ukutani sambamba na waya wa umeme, kama ulivyo kule msikitini. Akawasha. Spika ikavuma, uuuu, hata meno yakasikia. Mzee akashika kipaza sauti, akasema, "Assalaam alaykum, mnanisikia?" Tulimsikia kama mtu aliye ng'ambo ya bonde.

"Haya binti," akasema Awadhi, akazima, akampa pasi ya kulehemu.

Nilimtazama mikono. Alikata waya mmoja ndani, akaweka rezista njiani, na baada yake akaiteremsha kapasita hadi kwenye bati la chini, ambalo ndilo wanaliita ardhi. Risasi ikayeyuka ikang'aa, moshi wake mdogo ukapanda. Awadhi alikuwa nyuma yake. Aliona kitu, nadhani, maana alifungua mdomo, kisha akaufunga. Baadaye aliniambia alijizuia kwa nguvu; mtihani ni mtihani.

Wakawasha. Mvumo ulikuwa pale pale. Mzee Fakihi akasema, "Assalaam alaykum," nasi tukaona midomo yake inacheza, lakini kwenye spika hakukuwa na mtu. Kulikuwa na nyuki peke yao.

Mohamedi alianza kucheka, akaniona uso wangu, akaacha. Aligeukia saa zake. Hilo nililiweka moyoni, na hata leo sijalisahau.

Oliva alisimama na pasi mkononi kama aliyeshika mshumaa uliozimika. Awadhi akazima umeme. Akasema, "Adhuhuri imekaribia. Nakwenda kuswali, nitakula. Saa nane narudi kuifunga mashine ya watu, alasiri inahitajika. Mpaka saa nane, binti, meza ni yako." Akanigeukia. "Sina zaidi ya hapo, Bibi."

Akamshika Mzee Fakihi mkono wakatoka. Siku hiyo mzee angeadhini bila spika.

*

Mama Mwanne alituletea ugali na kisamvu, beseni na jagi la maji. Alikuwa amesikia, mji ni mdogo, lakini hakuuliza kitu. Aliweka chakula, akasema, "Kuleni kwanza. Mtu mwenye njaa haoni hata kilicho mbele yake," akarudi ndani kwake.

Oliva hakula. "Nimekuaibisha, Bibi."

"Hujaniaibisha."

"Hesabu nilihakikisha. Ukili ulikubali."

"Ukili haujui kusema uongo," nikasema. "Labda ni mimi niliyekuambia vibaya. Mimi ndiye niliyesema tumbo limeze."

Sikuwa na jambo jingine la kufanya na mikono yangu. Nikakichukua kibuyu, nikamimina maji kwenye beseni, nikachomoa kijiti, nikakizamisha. Nilitaka kuona nilipomdanganya mtoto. Polepole: maji ya ndani yakapanda, yakashuka. Upesi: yakatulia. Yote yalikuwa kweli kama nilivyosema. Nikakitikisa tena upesi, na safari hii mkono wangu mwingine ulikuwa chini, umekikamata kitako, kidole cha shahada kimefika penye tundu.

Maji yakanipiga kidole. Yakaingia, yakatoka, yakaingia, kwa nguvu, kama ulimi wa ndama. Nikapunguza, nikakipeleka taratibu. Kwenye kidole sikusikia chochote.

"Oliva. Njoo weka kidole hapa."

"Bibi, sasa hivi siwezi—"

"Weka kidole, mke mwenzangu."

Akaweka. Nikatikisa upesi. Nikatikisa polepole. Upesi. Polepole. Nilimwona usoni kabla hajasema kitu. Macho yake yalitoka kwangu yakaenda kwenye ile amplifaya, yakarudi kwenye beseni.

"Kilichomezwa kiko tumboni," akasema.

"Ndiyo, ndimo kinamokaa kilichomezwa."

"Nami nimeweka sikio tumboni! Nimechukua sauti palepale mvumo ulipomezwa. Hakuna kilichotupwa ardhini, Bibi, mvumo uko pale pale umejaa. Ile tatu katika kumi niliyotaka mvumo uipate, nimempa Mzee Fakihi. Na tisa na nusu yake nimewapa nyuki." Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Ninatakiwa kusikiliza tunduni. Vitu ni vile vile. Hesabu ni ile ile. Vibadilishane nafasi tu. Kapasita ikae njiani, rezista ishuke ardhini, na sauti ichukuliwe juu ya rezista."

"Ule mchoro mwingine," nikasema.

"Ule mchoro mwingine."

Nikamwambia ale kwanza matonge mawili, nami nikawa mkali katika hilo. Akala matatu akiwa amesimama.

Kubadilisha hakukuchukua muda. Pasi ilikuwa imepoa, kwa kuwa Awadhi alizima umeme wa meza. Mohamedi akainuka kimya kimya kutoka kwenye saa zake, akaenda kuwasha swichi, akarudi akakaa. "Sijaona kitu," akasema. "Mimi nina saa inayosema saa mbili."

*

Awadhi alirudi na Mzee Fakihi saa nane kamili. Alichungulia ndani ya mashine, akaangalia kapasita ilipolala na rezista iliposimama, na nikamwona mabega yake yanashuka kama mtu aliyetua mzigo. Akawasha.

Mvumo ulikuwepo. Nasema kweli, haukwisha. Lakini ulikuwa umekwenda mbali, kama mashine ya kusaga iliyo kijiji kingine. Mzee Fakihi akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Assalaam alaykum," akasema. "Mnanisikia?"

Sauti yake ikajaa kibanda. Ilikuwa nyembamba, imekwaruza kidogo, yake mwenyewe. Alishtuka akakitazama kipaza sauti, kisha akatutazama sisi mmoja mmoja. Nje kwenye stendi mwanamke mmoja muuza ndizi akaitika, "Wa alaykumu salaam!" asijue anamwitikia nani.

"Tunakusikia, Babu," akasema Mohamedi.

Awadhi bado alikuwa na uso wa mtihani. "Mbona haukuisha wote, binti?"

Oliva akajibu bila kusita.

"Hauwezi kuisha, Baba, kwa kapasita moja na rezista moja. Unabaki sehemu tatu katika kumi. Sauti nayo inapoteza kidogo, inabaki tisa na nusu. Ningechagua kapasita ndogo zaidi mvumo ungepungua zaidi, lakini tungeanza kumkata mzee kifua, angesikika kama anaongea ndani ya kopo. Ukinipa vingine viwili nikavifunga nyuma ya hivi, utapungua tena. Na waya wenye kinga ukifika, vyote nitavitoa, havitahitajika."

"Tatu katika kumi umeipata wapi? Umepima na mita ipi?"

"Nimepima na ukili," akasema Oliva, akanitazama.

Awadhi akatugeukia sisi wawili. Ikabidi tumweleze, yeye akianza mimi namalizia, pembetatu ya mchangani, vidole thelathini na viwili, kibuyu, beseni. Aliomba aweke kidole. Akakitikisa kibuyu mwenyewe, upesi, polepole, fundi mzima wa miaka hamsini amechuchumaa mbele ya beseni la mkewe, maji yanamrukia suruali. Kisha Mohamedi naye akataka. Kisha Mzee Fakihi.

"Vijana wangu watatu," akasema Awadhi alipoinuka, "mashine ikinyamaza walikuwa wanasema imepona, ikivuma wanasema imekufa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kilichobaki ni kiasi gani, na kwa nini." Akaifunga mashine skrubu nne, akampa Oliva bisibisi akaze ya mwisho. "Jumatatu, saa moja na nusu. Mama Mwanne atakuonyesha pa kulala. Na asubuhi kabla ya kazi utanifundisha hiyo pembetatu. Mimi hizi nafanya kwa mazoea tu, miaka ishirini, sikuwahi kujua kwa nini."

Oliva akapiga goti kumshukuru. Awadhi akamwambia ainuke, mafundi hawapigiani magoti kibandani, sakafu ina vipande vya risasi.

Gari la Newala lilikuwa linajaza abiria. Nikakinyanyua kikapu changu. Kibuyu nikakiacha. Awadhi mwenyewe alikuwa ameshapigilia msumari kwenye nguzo ya baraza, akakitundika, na Mohamedi alikuwa wa kwanza kunawa, akachirizisha maji mengi mno. Nikamwonyesha jinsi ya kuziba: kijiti, usikaze sana, zungusha kidogo.

"Kumbe Wamakonde mna mita," akasema.

"Ya kwako iko wapi?"

Akacheka.

Oliva alipanda gari pamoja nami, tukakaa kusubiri lijae. Angerudi nami kuchukua sanduku lake. Alikuwa na alama ndogo ya kuungua kwenye kidole gumba, nikaipaka mate kama nilivyokuwa nafanya alipokuwa mdogo, naye akaniachia nifanye. Ndipo alasiri ikaadhiniwa. Dereva aliyekuwa anapiga honi akaacha. Sauti ilitoka juu ya mabati, ikapita stendi, nyembamba, haina haraka, na kila neno lilikuwa limekamilika. Oliva alikuwa amefumba macho, kichwa kimeinama upande mmoja, anasikiliza mvumo uliobaki chini ya sauti ile.

"Tatu katika kumi?" nikamuuliza.

"Tatu katika kumi, Bibi," akasema. "Jumatatu nitamwomba vingine viwili."